Mwite Mchezaji: Maswali Yenu Kuhusu Maneno ya Mpira

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa juu ya fainali ya mpira ya wasichana uwanjani Twaif, hapa kwetu Amu (Lamu). Mpira ulipokwisha, mtangazaji alishika kipaza sauti akasema, "Na sasa, man of the match!", yaani mwanamume bora wa mechi. Akataja jina la binti wa Wiyoni aliyefunga mabao yote mawili. Watu wakaangua kicheko. Yule binti alibaki amesimama karibu na mstari wa kati, mkono umeshika ncha ya mtandio, hajui aende au asiende. Nikasema neno lile tuliache. Ujumbe umemiminika tangu siku ile, wa kuniunga mkono na wa kunipinga. Haya ndiyo niliyoona yanafaa kujibiwa mbele ya wote.

Mwalimu, kwa heshima zote, mambo ya kubadilisha majina ni ya Wazungu. Sisi watu wa Amu yatuhusu nini? (Msomaji, Langoni)

Kaka yangu, nusu ya neno lako naikubali. Ugomvi huu kwa asili ni wa Kiingereza, na una sababu yake. Mwezi Desemba 1920 watu 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool, kuwatazama wanawake wa timu ya Dick, Kerr Ladies. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikawafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake vyote, na marufuku hiyo ikakaa karibu nusu karne. Mpira uliolelewa katika nyumba ya namna hiyo ulimwita kila mtu mwanamume, maana hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia.

Sasa nenda ufuoni maji yakipwa, uwasikilize watoto wetu. Mwingereza akitaka kumwonya mwenzake kwamba adui yuko nyuma yake hupiga kelele "man on!" Mtoto wa Amu husema nini? "Mtu! Mtu nyuma!" Kukaba kwetu ni mtu kwa mtu. Mashabiki ni mchezaji wa 12. Kadi nyekundu ikitoka, timu hubaki na wachezaji 10. Kipa, beki, winga, mshambuliaji, kocha, refa: chukua lolote kati ya hayo, mpe mwanamume au mwanamke, litamkaa sawasawa. Na ukisema "amefunga", umeshasema yote yanayohitajika. Wazee wetu hata walipotaka kutofautisha walisema mtu mume na mtu mke, wakaanza na mtu.

Kwa hiyo yatuhusu hivi: wenzetu wanahangaika kutafuta kitu ambacho sisi tumezaliwa nacho, nasi tunakiacha nyumbani na kwenda kuazima kwao neno ambalo wao wenyewe wameanza kulitupa. Katika Kombe la Dunia la wanaume la 2018, FIFA ilikuwa bado inatoa tuzo ya "man of the match". Kufikia Qatar mwaka 2022 tuzo ile ile ilikuwa ya mchezaji bora wa mechi, na waliocheza walikuwa wanaume watupu.

Sisi Matondoni husema laizimani, kwa Kiingereza linesman, mtu mume wa mstarini. Akiwa mwanamke tumwiteje?

Mshika kibendera. Awe nani awe nani. Au mwamuzi msaidizi, ukitaka neno la kitabuni. Hata IFAB, wanaotunga sheria za mpira, waliliacha lile jina la zamani mwaka 1996. Na tarehe 1 Desemba 2022, Costa Rica ilipocheza na Ujerumani huko Qatar, filimbi alikuwa nayo Stéphanie Frappart wa Ufaransa, na vibendera walishika Neuza Back wa Brazil na Karen Díaz wa Meksiko. Wanawake watatu, mechi ya Kombe la Dunia la wanaume. Kwetu Afrika Mashariki, Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa ametangulia Januari ya mwaka huo huo, aliposhika filimbi katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. "Mwamuzi Mukansanga" lilitosha kabisa, wala halikuhitaji kiraka.

Mimi ni kocha wa wasichana, Mokowe. Mechi ikiwa ngumu huwaambia "chezeni kiume!" nao hucheza. Mzazi mmoja amenikataza baada ya kusoma makala yako. Nimekosa nini?

Hujakosa adabu, kocha, na nakushukuru kwa kusimama juani na watoto wa watu. Neno hilo umelikuta. Kiume kwetu kimebeba ushujaa tangu zamani, kama wazee wanavyouita mkono wa kulia mkono wa kuume na wa kushoto mkono wa kike. (Nimewahi kufundisha winga mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa ukipasua nyavu. Sijui huo ungeitwa wa nani.)

Lakini lisikilize kwa sikio lake yeye. Dakika ya 80, miguu imekufa ganzi, jasho limeingia machoni. Unamwambia kwamba ili ashinde, awe mtu mwingine. Akishinda, ushindi ni wa kuazima. Na neno hilo lina pacha wake, ambalo naamini umelisikia: wavulana wakifungwa, watu husema "walicheza kike". Wasichana wako huwa wamesimama papo hapo pembeni mwa uwanja, wanasubiri zamu yao. Wanasikia.

Mimi nakupa neno jingine, wala si geni. Nilipokuwa mdogo, siku ya arusi, niliwaona mama zangu wakiikunja leso, wakaizungusha kiunoni, wakaikaza fundo kwa nguvu hadi pumzi zikakatika kidogo, ndipo wakashika mwiko wa kusongea sufuria la wali lililowazidi kimo watoto. Kile ndicho kibwebwe. Ni kitambaa cha wanawake, cha kazi na cha ngoma. Na leo fungua ukurasa wowote wa michezo, utakuta timu ya wanaume "ilijifunga kibwebwe" katika dakika za lala salama. Hajatokea mwanamume hata mmoja kulalamika kwamba amevishwa leso. Basi dakika ya 80 wapigie kelele: "Jifungeni vibwebwe!" Wasichana watakuelewa, na wavulana ukiwaambia hivyo hivyo watakuelewa pia.

Nina miaka 19, nacheza winga Shela. Mbona magazeti ya Kiswahili yakiandika timu za wanaume ni mabingwa, miamba na mashujaa, na sisi ni vipusa na warembo? Sikwenda uwanjani kuonyesha sura.

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Kipusa ni pembe ya kifaru. Ilikuwa bidhaa ya thamani kubwa, ikisafirishwa kutoka pwani hii kwa majahazi, na thamani hiyo ndiyo iliyofanya msichana mzuri aitwe kipusa. Mwandishi wa michezo nampa haki yake: alitaka kukusifu, na anaogopa kurudia "wachezaji" mara kumi katika habari moja. Najua taabu hiyo, nami ni mwandishi. Lakini angalia anachosifu. Beki anajitupa chini, goti linachubuka kwenye changarawe, anautoa mpira mstarini. Gazeti linatuambia kwamba ana sura nzuri. Goti limeachwa, mpira umeachwa, mstari umeachwa.

Jaribu kuigeuza sentensi. "Watanashati wa Bandari walitoka sare ugenini." Utahisi mara moja kwamba gazeti limekosea mlango. Neno ambalo huwezi kumpa kaka yako akiwa na jezi mwilini, usimpe dada yako akiwa na jezi.

Kuna watakaosema, basi hata malkia tusiseme? Hapo sikubaliani nao. Malkia ni cheo. Mwana Khadija alitawala Pate, hapa hapa kwetu, katika karne ya 18, na hakuna anayemkumbuka kwa sura yake. Timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake inaitwa Malkia Strikers, na jina linaikaa. Nahodha nalo ni neno la cheo. Lilitoka Uajemi likiwa na maana ya bwana wa chombo, leo tunampa anayevaa kitambaa mkononi, na msichana akilivaa halimpwayi.

Mwandikie mhariri. Usitukane. Mpelekee habari ya mechi yenu umeiandika wewe mwenyewe, uone kama atahitaji kuongeza kipusa hata kimoja. Mimi nimeshamwandikia mhariri mmoja, na barua mbili ni nzito kuliko moja.

Starlets, jina la timu zetu za taifa za wanawake, maana yake si vinyota vidogo? Tuwabadilishie jina? (Mpeketoni)

Waulizwe wenyewe. Jina likishatokwa jasho linakuwa la aliyelitokea jasho. Mimi binafsi nisingeligusa.

Kinachonikera zaidi ni sentensi ninayoisikia kila baada ya miaka minne barazani: "Kenya haijawahi kwenda Kombe la Dunia." Imeshakwenda. Oktoba 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walicheza Kombe la Dunia la umri wao huko Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Meksiko. Ni timu ya kwanza ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA. Wenzao wa Tanzania, Serengeti Girls, walitangulia mwaka 2022 huko India na kufika robo fainali. Watoto wamekwenda na kurudi, na baraza bado linasema hakuna aliyekwenda. Ndiyo maana katika safu hii, nikitaja makombe yote mawili, nasema Kombe la Dunia la wanaume na Kombe la Dunia la wanawake. Nyongeza haiwezi kubebwa na upande mmoja tu.

Nina binti wa miaka 13, Faza. Anapenda mpira. Jirani humwita jikedume, na sasa hataki kutoka nje. Mimi mwenyewe sijui kama dini yaruhusu.

Baba, kwanza pole. Fatwa si kazi yangu. Nenda kwa sheikh unayemwamini, umuulize kwa tafsili: uwanja upi, saa ngapi, mavazi gani, nani anatazama. Swali la jumla hupata jibu la jumla.

Juu ya mavazi naweza kukueleza. Tangu 2014 sheria za mpira zinaruhusu hijabu uwanjani. Tarehe 30 Julai 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake huko Australia, Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, aliingia uwanjani amevaa hijabu dhidi ya Korea Kusini. Alikuwa wa kwanza kuvaa hijabu katika mashindano hayo ya wakubwa, na Morocco ilishinda bao 1 kwa 0. Mtafutie binti yako picha yake, akae nayo.

Na juu ya neno la jirani. Jike na dume ni maneno ya wanyama. Twasema mbuzi jike, kuku dume. Hatusemi "jike yule anakwenda sokoni". Anayemwita mtoto wa mtu jikedume amemtoa katika ubinadamu mara mbili kwa neno moja. Nilikuwa na miaka 11 nilipoitwa hivyo, kwenye kichochoro nyuma ya nyumba yetu, mpira wa matambara ukiwa mguuni. Niliuacha papo hapo ukutani, nikaingia ndani. Sikucheza tena. Nimefundisha miaka 31, nimeandika, nimelea, na nikipita kichochoro kile bado naangalia ukuta.

Kwa hiyo nakusihi, usimsubirishe. Nenda kwa jirani leo, kwa upole, mambo ya ujirani, umwambie mtoto ana jina. Halafu ukaulizie kama kuna timu ya wasichana karibu. Huku kwetu Pwani kazi hii ina wenyewe: huko Kilifi shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waliofika wadogo wamekuwa makocha na waamuzi.

Mwalimu, mimi ndiye niliyechapisha vyeti vya mashindano ya Twaif. Vimebaki 40, vyote vimeandikwa "Man of the Match". Hela ya kuchapisha vingine hatuna. Tufanyeje?

Msivitupe. Nunueni karatasi za kubandika, zile nyeupe za dukani, mkate vipande vya upana wa ile mistari ya Kiingereza, mvibandike juu yake kwa rula visiende upande. Kisha iandikwe kwa kalamu nyeusi: Mchezaji Bora wa Mechi. Vitatumika kwa wavulana na kwa wasichana, msimu huu na ujao. Kama mwandiko unawasumbua, nileteeni Alhamisi baada ya alasiri, Mkomani. Na cheti cha yule binti wa Wiyoni mkitafute mkilete pia, nikianze hicho.