Amin, Buganda na Rwenzururu ndani ya modi ya gemu: tuwaweke au tuwaache?

SWALI: Nipo Arua. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza modi (mabadiliko ya mashabiki) ya Hearts of Iron IV, gemu ya vita ya kompyuta, inayoanza tarehe 25 Januari 1971 na kuishia 1986. Ramani imeshakaa sawa, lakini tumegawanyika. Mmoja hataki Idi Amin aonekane kwa jina wala sura. Mwingine anataka achezeke kama kiongozi mwingine yeyote. Tena hatujui kama falme za Buganda, Bunyoro na Rwenzururu ziwe nchi kamili. Tunaogopa modi isije ikafutwa, na zaidi tunaogopa kugombana na watu. Tufanyeje?

JIBU: Muwekeni, ndugu zangu, kwa jina lake na sura yake. Modi yenu inaanza siku ambayo jeshi lilichukua nchi Rais Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mkimficha aliyeichukua, mchezaji atajua mmeogopa, na kila mtakachomweleza baada ya hapo atakitilia shaka. Huyo mwenzenu ana hofu ya haki kabisa, ila ameielekeza pasipo pake. Nimetengeneza modi kwa miaka kadhaa hapa Kampala, na lawama nzito nilizopokea hazikuhusu sura ya kiongozi. Zilihusu namba: kitendo fulani kinampa mchezaji nini, na kinamnyang'anya nini. Maandishi yenu atayasoma mara moja, pengine asiyasome kabisa. Namba anakaa nazo usiku kucha.

Chukueni kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Mtu mwenye haraka angeandika uamuzi mmoja kwenye menyu: gharama yake nguvu za kisiasa 50, faida yake viwanda vinne na utulivu wa nchi kupanda kwa asilimia 10. Mchezaji anapeleka kipanya juu ya kitufe, anaona mistari ya kijani mitupu, anabonyeza. Akianza upya kesho, atabonyeza tena. Hamjaandika neno hata moja la kumsifu mtu, lakini modi yenu imeshatamka kwamba kufukuza watu kunalipa.

Sasa tazameni ilivyokuwa. Agosti 1972 Amin alitangaza siku 90. Waasia wakaondoka kwa makumi ya maelfu, na zaidi ya 27,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Maduka, viwanda vya kuchambua pamba na mashamba ya miwa yakagawiwa wanajeshi na wapambe wao, wale ambao mitaani waliitwa mafuta mingi. Wananchi wengi walifurahi kwelikweli mwanzoni, na modi itakayoificha furaha hiyo itakuwa inadanganya. Kisha vipuri vikaisha, sukari na sabuni vikaadimika, magendo yakageuka ndiyo soko lenyewe.

Basi uandikeni uamuzi huo kwa hatua mbili. Kwanza add_timed_idea (athari ya muda) ya siku 180 inayopandisha stability_factor, yaani utulivu. Halafu, ndani ya uamuzi uleule, iteni country_event (tukio) yenye days = 180 inayoleta roho ya taifa ya kudumu, yaani hali inayoathiri nchi nzima: uzalishaji unashuka, na kila mwaka kiwanda kimoja kinafungwa mpaka mchezaji atafute njia ya kuwarudisha mafundi. Kabla hajabonyeza, custom_effect_tooltip (maelezo ya kitufe) imwonyeshe mstari mwekundu unaosema kwa Kiswahili cha kawaida: «Wenye ujuzi wa viwanda wanaondoka nao.» Na tukio lenyewe lianze kwa mtu mmoja, kwa mfano mwenye duka anayemkabidhi karani wake funguo na daftari la madeni, asijue kama ataonana naye tena. Mistari minne inatosha.

Mauaji ni jambo lingine. Yasiwe kitufe kabisa. Wanajeshi wa Kiacholi na Kilango waliouawa kambini mwaka 1971, Jaji Mkuu Ben Kiwanuka aliyekamatwa Septemba 1972, Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977: haya yaingie kama matukio yenye chaguo moja tu, yasimpe mchezaji faida, yasimwombe aamue nani afe. Ila yawe na matokeo. Jeshi lililoua maafisa wake lenyewe halikuweza kusimama 1979. Kwa hiyo tukio la 1971 lipunguze uzoefu wa jeshi na idadi ya makamanda, ili miaka minane baadaye mchezaji anayeitetea Kampala aone mstari wa mbele unavunjika na aweze kufuata uzi mpaka kule ulikoanzia. Hapo chanzo kitakuwa kimesomeka ndani ya gemu bila kumhubiria mtu.

Nanyi mko Arua, kwa hiyo kuna jambo mnalolijua kuliko mimi. Modi nyingi za vita hufunga hadithi kwa shangwe, na tarehe 11 Aprili 1979, siku Kampala ilipotekwa na Amin kuangushwa, inavutia sana kwa mwisho wa namna hiyo. Msikubali. Jeshi jipya la serikali lilipofika kwenu West Nile, watu walilipiziwa kisasi kwa sababu tu ya kutoka alikotoka Amin. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, na Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa palepale. Ikiwa modi imetengenezwa Arua na haina Ombaci, nani ataiweka?

Sura yake ichoreni kwa heshima ya kazi. Picha ya kiongozi ni pikseli 156 kwa 210, na kuna kishawishi cha kuzijaza zote medali. Mkimfanya kichekesho, waliopoteza baba zao wataona mnawachezea, na vijana wasiomjua watadhani alikuwa mtu wa kuburudisha. Itikadi yake iwekeni despotism (udikteta) chini ya neutrality, kundi la wasiofungamana. Kumtupa kwenye fascism kwa sababu tu alikuwa mkatili kutavuruga mfumo wa miungano, maana kompyuta itaanza kumtafutia marafiki ambao hakuwa nao.

Kwa walio hai shikeni msimamo mwingine. Gemu ya aina hii hubuni: kompyuta ikimshika kiongozi, itamfanya atangaze vita asivyotangaza na asaliti watu asiowasaliti. Kwa walioshafariki hilo ni dhana ya kihistoria. Kwa mtu aliye hai ni madai juu yake, tena madai msiyoyasimamia nyinyi. Tumieni jina la chama au jeshi pamoja na picha ya jumla, kama «Kamati Kuu» au «Baraza la Kijeshi». FRONASA na NRA, makundi ya wapiganaji, na chama cha UPC zote zinaweza kukaa hivyo. Sheria pia ipo: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 iliporekebishwa mwaka 2022 iliongezewa kifungu cha matamshi ya chuki kinachotaja kabila na dini. Kabla ya kuitoa modi hadharani, mwonyesheni wakili matini ya matukio. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja tu.

Sasa falme. Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Katika modi moja ya zamani niliipaka Buganda rangi moja hadi Buyaga na Bugangaizi, kwenye ramani niliyoiandika kuwa ya 1966. Jamaa mmoja wa Hoima alinipigia simu. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama ninajua babu yake alipiga kura ya nini. Kura ile ilipigwa Novemba 1964, na watu wa kaunti hizo mbili, ambazo Waingereza walikuwa wameipa Buganda, walichagua kurudi Bunyoro. Nilikuwa nimeifuta kura yao kwa ndoo moja ya rangi.

Kwa hiyo tenganisheni umiliki na asili. Mwaka 1971 falme hazikuwa na mamlaka yoyote, kwani katiba ya 1967 ilizifuta. Katika history/states (faili za majimbo) kila jimbo liwe na owner = UGA, ndiyo umiliki, kisha ongezeni add_core_of, ndiyo asili, kwa Buganda au Bunyoro kulingana na mpaka wa baada ya kura, Buyaga na Bugangaizi zikiwa Bunyoro. Falme hazitaonekana kwenye ramani mwanzoni, lakini nchi ikisambaratika zinaweza kuibuka, na mchezaji wa Mubende au Hoima atajiona. Rwenzururu nayo ifanyeni hivyohivyo. Ilijitangazia uhuru mwaka 1962, na mapigano yakaendelea hadi makubaliano ya 1982, hivyo ndani ya miaka yenu ni historia halali. Yaliyotokea Kasese Novemba 2016 ni kidonda kibichi; msiyaguse hata kwa fumbo.

Jina la nchi nalo lina uzito. «Uganda» ni matamshi ya Waswahili wa pwani kwa neno Buganda, Waingereza wakalibeba hivyo. Wasio Waganda wengine wanalikumbuka hilo, kwa hiyo kama Bunyoro ikishinda na kuunganisha nchi, set_cosmetic_tag iibadilishie jina na bendera, isibaki «Uganda» kwa mazoea.

Watengenezaji wakubwa nao walijikwaa kwenye mambo haya. Kampuni ya Firaxis ilitaka kumweka Popé wa Wapueblo, Wenyeji wa Amerika, kama kiongozi katika gemu ya Civilization V; viongozi wa Wapueblo wakakataa maneno yake yasitumike, na kampuni ikawaweka Washoshone. Mwaka 2018 ilimleta Poundmaker wa Wacree katika Civilization VI, na kiongozi mmoja wa jamii yake akalalamika hadharani kwamba gemu inamwonyesha kama mtu wa kuteka ardhi, wakati yeye alisimamia kinyume chake. Tofauti ni kuuliza mapema. Mkitumia ngoma za kifalme au semi za Luganda, nendeni Bulange, Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda, mkaulize. Kwa Kinyoro na Kikonzo tafuteni wazee wanaokisema nyumbani.

Kuhusu kufutwa, tofautisheni serikali na wachezaji. China iliipiga marufuku Hearts of Iron ya kwanza mwaka 2004 kwa kuonyesha Tibet, Xinjiang na Manchuria kama nchi huru. Hilo huwezi kulizuia kwa ufundi. Unaamua tu kama soko hilo unalihitaji. Kwa nchi yenye marufuku ya picha au alama, tengenezeni modi ndogo tegemezi inayobadilisha picha peke yake, kama toleo la Ujerumani linavyoficha uso wa Hitler kwa kivuli cheusi. Wachezaji wapeni uhuru kupitia common/game_rules: falme ziweze kuibuka au zisiweze, matukio mazito yaonekane kamili au kwa ufupi. Steam, duka linalohifadhi modi, huangalia zaidi ripoti za watumiaji, na mtu aliyepewa swichi ya kuzima jambo linalomchoma haoni haja ya kuripoti.

Bendera kila moja inahitaji faili tatu za TGA, 82 kwa 52, 41 kwa 26 na 10 kwa 7. Kwenye ile ndogo kabisa korongo wetu anageuka doa. Mchoreni upya kwa mkono, ndani ya duara jeupe, badala ya kumpunguza kwa programu. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za gemu hii, kwa hiyo matini yenu yataingia kwenye faili zenye mwisho _l_english.yml, zilizohifadhiwa kwa UTF-8 yenye BOM, alama fupi ya mwanzo wa faili. Mkiona ramani inaandika BUG_neutrality badala ya «Ufalme wa Buganda», BOM ndiyo iliyosahaulika.