Pampu inakata maji, raba inalika

SWALI: Pampu yangu ya inchi 2 hapa Magu huvuta maji ya ziwa dakika chache, kisha hukata. Adapta ya upande wa kuvuta ni mpya na nimeizungushia tepu nyingi. Raba ya kaplingi, kiungo cha injini na pampu, nayo haidumu. Shida nini?

JIBU: Tepu haiponyi uzi usiofanana. Fungua adapta, isafishe, ikaze kwa mkono. Ikigoma mapema, huenda ni ya NPT (uzi wa Kimarekani), yenye nyuzi 11.5 kwa inchi, wakati mdomo wa pampu ni BSP (uzi wa Kiingereza), nyuzi 11. Upande wa kuvuta hutaona tone. Pampu inanyonya hewa. Nunua adapta ya BSP. Ukilazimisha hii, utapasua mdomo, na chuma cha kalibu hakisamehe.

Raba inaliwa kwa sababu injini na pampu hazijanyooka. Zima injini, weka rula ya chuma juu ya vipande viwili vya kaplingi, kisha ubavuni: mwanga usipite. Pima mwanya kati ya vipande hivyo kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) juu, chini, kushoto na kulia. Ukitofautiana, sogeza injini au iinulie kwa vibati chini ya miguu. Pima tena mabomba yakishafungwa. Bomba zito lisiloegemezwa huivuta pampu pembeni.