Maswali na majibu: Ubao wa matokeo unajiongezea alama

Swali: Fundi, habari za kazi. Natengeneza ubao wa matokeo wa uwanja wa kikapu hapa Nyegezi, Mwanza. Nimetumia Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), chipu nne za TPIC6B595 za kuwashia taa, na tarakimu nne za utepe wa LED wa volti 12, kila tarakimu vipande saba, kila kipande sentimita 15. Vitufe viko meza ya waamuzi, waya mita 25. Nikibonyeza mara moja zinaingia alama mbili au tatu, na wakati mwingine zinaongezeka bila mtu kugusa. Umeme ukikatika tunaanza na sifuri. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hayo ni magonjwa matatu, usiyatibu kwa dawa moja. Kwanza chomoa ule waya mrefu, funga kitufe palepale kwenye Uno kwa waya wa sentimita 10. Kujiongeza kukiisha na mbilimbili zikabaki, umeshajua kipi ni cha waya na kipi ni cha kitufe.

Vyuma vya kitufe vikigusana hudunda milisekunde chache kabla ya kutulia, na Uno inahesabu kila mdundo. Programu isikubali badiliko mpaka lidumu milisekunde 30, ihesabu mara moja kitufe kinaposhuka, isihesabu tena hadi kiachiwe. Pima muda kwa millis(), amri inayosoma saa ya ndani ya Uno. Ukitumia delay(), programu yote inasubiri, na itakusimamishia na saa ya mchezo.

Waya wa mita 25 ni antena, na rezista ya ndani ya Uno, kiloomu 20 hadi 50, haina nguvu ya kuutuliza. Upande wa ubao, funga rezista ya kiloomu 1 kutoka waya wa kitufe kwenda volti 5. Kutoka hapohapo pitisha rezista ya kiloomu 10 hadi kwenye pini, na pini iwekee kapasita ya nanofaradi 100 kwenda graundi. Hapa wengi huteleza: wanaacha INPUT_PULLUP, amri inayowasha rezista ya ndani, kwenye programu. Rezista ya ndani ikiwa kiloomu 20 itagawana volti na ile ya 10, na kitufe kikibonyezwa pini itabaki na volti 1.67. Chipu ya Uno inahakikisha kusoma sifuri chini ya volti 1.5 tu. Andika INPUT peke yake. Waya wa kitufe usokote na graundi yake, mbali na nyaya za volti 12.

Alama zihifadhi kwa EEPROM.update() zinapobadilika; EEPROM ni kumbukumbu ya Uno isiyofutika umeme ukikatika. Ukiweka EEPROM.write() ndani ya loop(), sehemu ya programu inayojirudia bila kukoma, mara 100,000 za kuandikwa ambazo seli ya kumbukumbu imepimiwa zitaisha kwa dakika sita hivi.

Hukutaja aina ya utepe (namba kama 3528 au 5050 ni ukubwa wa taa zake), nayo ni muhimu sana. Wa 3528 wenye taa 60 kwa mita unavuta miliampea 60 kwa kipande chako. Wa 5050 unavuta 180, na TPIC6B595 mwisho wake ni 150 kwa kila pini. Tumia 3528. Vipande vyote 28 vikiwaka ni ampea 1.68, kwa hiyo betri ya volti 12, ampea-saa 7, itamaliza mechi ya saa mbili ikiwa bado na karibu nusu.

Matundu ya hewa yaelekeze chini na uyazibe kwa chandarua chenye macho madogo sana. Wadudu wa ziwani hufuata taa usiku, na wakijaa ndani ya boksi huziba matundu na kushika unyevu juu ya maungio ya risasi.