Si kila nembo mpya ni janja ya kuuza jezi

Umesema klabu za raga hubadilisha nembo ili tu kuuza jezi; hapo umewaonea kidogo, ndugu. Kwamba klabu za raga hubadilisha jezi karibu kila msimu ili mashabiki wanunue tena, sibishi. Ila nembo ni suala jingine.

Chukua Crusaders wa Christchurch, New Zealand. Jina lao ni la wapiganaji wa Vita vya Msalaba, vita vya kale vya Wakristo wa Ulaya dhidi ya Waislamu, na nembo ya zamani ilikuwa na shujaa mwenye upanga. Kabla ya mechi za nyumbani, wapanda farasi waliovaa kama askari wa enzi hizo walizunguka uwanja. Watu walilichukulia kama burudani tu. Kisha tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya mji huohuo. Baada ya hapo, nani angeshangilia upanga ule? Farasi wakaondolewa, na kufikia Novemba klabu ikaonyesha nembo mpya yenye mchoro wa Kimaori, yaani wa wenyeji asilia wa New Zealand. Jina wakalibakiza, na hapo mimi naona waliishia katikati ya njia. Rangi nyekundu na nyeusi hazikuguswa.

Exeter Chiefs wa Uingereza nao mwaka 2022 waliacha picha ya chifu wa Wenyeji wa Marekani mwenye taji la manyoya, wakachukua Wadumnonii, kabila la kale la eneo lao wenyewe. Jina likabaki vilevile, na jezi mpya ziliuzwa, bila shaka. Lakini biashara haikuwa chanzo.