Siku nne London mwezi Desemba

Dada yangu wa Nkuhungu, umeuliza utatembeaje London siku nne mwezi Desemba bila kumaliza akiba. Anza na jumba la makumbusho la British Museum, kisha majumba ya sanaa ya National Gallery na Tate Modern. Kutazama mikusanyo yao ya kudumu ni bure. Ila toka mapema, maana Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni. Sisi wa Dodoma tunadhani upepo wa Juni ndio baridi. Ule wa kwenye madaraja ya mto Thames unaingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo tafuta koti zito kwenye mitumba ya Sabasaba ungali hapa. Mabasi ya kule hayapokei fedha taslimu: hakikisha benki imekufungulia kadi kutumika nje kabla hujapanda treni ya kwenda Dar.