Utakatifu wa mtu wa sokoni

Dada, umeuliza kama mtu anayeuza nyanya Marikiti tangu alfajiri, asiyepata nafasi ya kesha wala mfungo, anaweza kuishi maisha matakatifu. Anaweza kabisa! Soma Mambo ya Walawi 19. Mungu anaagiza watu wake wawe watakatifu, na sura hiyohiyo inadai mizani ya haki, tena ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Petro alilirudia agizo hilo la kuwa watakatifu kwa Wakristo (1 Petro 1:16). Basi zile nyanya zilizopondeka usizifiche chini ya nzuri, na kijana wa mkokoteni mlipe jioni ileile, hata mauzo yakiwa mabaya. Maombi nayo usiyaache, kwani bila Roho Mtakatifu hayo mengine yatakushinda.