Kupanga vitabu 13 vya Kanada kwa mwaka mmoja: jinsi nilivyofanya

Ndugu, umeuliza namna ya kupanga usomaji wa vitabu 13 vya Kanada, kuanzia Julai 1, ambayo ni sikukuu ya taifa hilo, hadi Julai 1 ya mwaka unaofuata. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kitabu cha saba, ya pili nikavimaliza vyote, na muda niliokuwa nao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mpango.

Awali nilichagua kwa umaarufu, nikajikuta mwezi Desemba nimesoma vitabu vitano vinavyozungumzia Ontario, nchi nyingine yote nikiwa sijaigusa. Mara ya pili nilizingatia kwamba Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini, jumla 13, nikachora ramani kwenye daftari na kukipa kila kipande kitabu kimoja.

Nakushauri uanze na M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, na ambaye makazi yake ni Toronto. Riwaya yake The Book of Secrets, iliyopata Tuzo ya Giller, tuzo ya fasihi ya Kanada, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, inatokana na shajara ya mtawala wa Kiingereza ya mwaka 1913, inayopatikana Dar es Salaam miaka mingi baadaye. Mimi niliyezoea mitaa ya Kariakoo niliingia katika fasihi ya Kanada kwa mlango ninaoujua, na hamu ya kuendelea haikunitoka. Kwa sababu hiyohiyo nilimpa Margaret Laurence jimbo la Manitoba: kabla ya The Stone Angel, riwaya ya bibi kizee mwenye kiburi anayekataa kupelekwa kwenye nyumba ya wazee, aliishi Somalia, na mwaka 1954 alichapisha tafsiri za mashairi na hadithi za Wasomali.

Usisahau kwamba Kanada ina lugha rasmi mbili. Bila Gabrielle Roy, aliyeandika kwa Kifaransa mwaka 1945 kuhusu ufukara wa Montreal wakati wa vita, na Antonine Maillet wa New Brunswick, aliyepata Tuzo ya Goncourt, tuzo ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 1979, utakuwa umesoma upande mmoja tu. Mimi niliwasoma katika tafsiri za Kiingereza, na sioni kasoro katika hilo.

Mpangilio wa uzito una maana kubwa kuliko mpangilio wa tarehe. Obasan ya Joy Kogawa, inayosimulia jinsi Wakanada wenye asili ya Japani walivyohamishwa kwa nguvu kutoka pwani ya British Columbia wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilinikaa kifuani kwa wiki nzima, kwa hiyo nilifurahi kwamba baada yake nilikuwa nimeweka Anne of Green Gables ya mwaka 1908, ya Prince Edward Island. Mwezi wa Ramadhani sikupanga riwaya yoyote. Pengo hilo nililifidia kwa kusoma katika mwezi mmoja Anne pamoja na mashairi ya Robert Service kuhusu Yukon. Vyote viwili muda wa hakimiliki umekwisha, hivyo vinapatikana bure na kwa halali mtandaoni. Vingine viagize miezi mitatu kabla, kwani kwenye maduka yetu ni nadra kuvikuta.

Hadithi fupi za Alice Munro, mshindi wa Nobel wa mwaka 2013, niliziweka nje ya hesabu, nikawa nasoma moja kila nilipomaliza riwaya. Alberta na Saskatchewan ndizo zilizonisumbua zaidi kuchagua, na vitabu nilivyochukua havikuniridhisha. Ukipata vizuri vya huko, tafadhali vitaje hapa, kwa sababu Julai ijayo nataka kuanza tena.